Karnesheni Zilizolala Mapema

Jumatatu, 11 Aprili 1977

Pasaka imekwisha, mvua haina habari. Tangu alfajiri inapiga juu ya nailoni ya mabanda hata mtu akikuita kwa karibu humsikii. Nimefungua daftari jipya kwa sababu msimu huu sitaki mtu aje kuniambia nilisahau.

Kuanzia kesho hadi Siku ya Mama nina safari saba za maua ya karnesheni kwenda Miami kwa ndege, kila Jumanne na kila Ijumaa. Sita za mwanzo ni katoni thelathini thelathini. Ya saba, ya tarehe tatu Mei, ni katoni tisini, kila katoni mashina mia tano. Elfu arobaini na tano. Hiyo ndiyo inayobeba mwaka. Zikipita, shamba linasimama. Zisipopita, narudi kuchambua maua ya watu kama nilivyokuwa kabla sijaokota vipandikizi arobaini kwenye jaa la tajiri wangu na kuvipeleka nyumbani nimevifunga kwa gunia bichi. Hakuna aliyenipa kitu. Hata lile gunia niliambiwa nirudishe.

Otilia, mpishi wetu, ametoa Msalaba leo na kuusimamisha kwenye banda la kulia. Utaratibu ni uleule: kila nyumba inaleta tunda moja kwa kila mtu aliye hai ndani yake, tunda linafungwa kwa kamba, na haliliwi mpaka Siku ya Msalaba, tarehe tatu Mei, tunapolitaja Jina la Mwokozi mara elfu moja. Kuhesabu elfu ni kazi yangu, kwa punje za mahindi. Miaka kumi na mitano sijakosea punje.

Jumanne, 12 Aprili

Safari ya kwanza imekwenda. Kama kawaida nimebakiza shada moja, mashina 25, kwenye chupa juu ya meza yangu. Miami wakisema neno, nami niwe nimeona kwa macho yangu.

Alhamisi, 14 Aprili

Ndege wametoboa mapera mawili ya Msalaba. Otilia analia kama aliyevunjiwa nyumba. Nimeamua Msalaba uhamie chumba cha maji. Ndimo maua yanamokaa kwenye ndoo usiku mzima yakinywa kabla ya kufungwa. Hakina dirisha, mlango unabana, kuna ubaridi, ndege hapiti. Matunda yatafika tarehe tatu yakiwa mazima.

Nohemí, anayesimamia chumba hicho mwaka wa tisa sasa, hakupenda.

"Msalaba unakaa watu wanapokula, doña Ascensión. Humu utakaa na nani? Na ndoo?"

"Na wewe."

"Mimi si mtakatifu."

"Hilo hata ndege wanajua," akasema Otilia, tukacheka, wanaume wakaubeba.

Matunda mpaka leo ni sita. Naandika, maana kila mwaka kuna nyumba inayojisahaulisha.

Ijumaa, 15 Aprili

Safari ya pili. Maua mazuri kuliko ya Jumanne. Matunda tisa.

Jumatatu, 18 Aprili

Shada la Jumanne bado liko wazi lote. La Ijumaa, ambalo ni changa zaidi, mawili kati ya 25 yamelala. Hayakunyauka. Shina gumu, majani mabichi, lakini petali zimejikunja kwa ndani kama mtu aliyejivutia blanketi asitazamwe. Ua likilala haliamki.

Mawili si kitu.

Jumanne, 19 Aprili

Safari ya tatu. Matunda kumi na matano. Mvua.

Alhamisi, 21 Aprili

Bwana Haskins amepiga simu kutoka Miami. Ananunua kwangu mwaka wa sita na bado Kihispania chake kinachechemea.

"Doña, maua yako ya Ijumaa yanasinzia."

"Mangapi?"

"Mengi."

"Mengi si namba, bwana Haskins."

Nikasikia karatasi zikifunuliwa. "Kama arobaini kwa katoni."

Nilikata simu nikapiga hesabu. Arobaini kwa mia tano ni mawili kwa ishirini na tano. Chupa yangu na Miami zimesema neno moja. Basi si ndege, si forodha, si joto la kwao. Maua yanatoka hapa yakiwa yameshaambiwa yalale. Na nani?

Ijumaa, 22 Aprili

Safari ya nne. Matunda ishirini na manne. Shada la Jumanne: saba yamelala.

Nimekwenda kwa don Plácido mwenye tanuri la matofali ng'ambo ya mtaro. Nimewahi kusikia kwamba moshi unalaza karnesheni. Nilimkuta amejifunika ruana yake ya sufu, anakunywa maji moto ya sukari guru, na hakunikaribisha kikombe.

"Don Plácido, moshi wako unaniharibia maua."

"Moshi wangu ulikuwa hapa kabla hujajua karnesheni inapandwa kichwa juu au chini, mama."

"Upepo ukigeuka unaingia kwangu."

"Hebu tazama unakwenda wapi."

Ulikuwa unakwenda relini, mbali na kwangu.

"Na Jumatatu, maua yalipokuwa kwenye ndoo?"

"Jumatatu tanuri lilikuwa limezimwa na mvua. Matofali elfu nane yamekuwa uji. Nilikuja kwako nikasema maua yako yameyalowesha matofali yangu?"

Nilirudi bila kuaga. Najua nilikuwa nimekosea, na kujua hivyo kulinizidishia hasira.

Jumapili, 24 Aprili

Misa. Mvua. Sikuomba kitu ila jibu.

Jumatatu, 25 Aprili

Shada la Ijumaa: kumi na matatu. Zaidi ya nusu.

Nimekaa na daftari tangu saa kumi na mbili asubuhi. Mbegu ni zilezile. Mbolea ileile. Wakataji walewale, wanakata ua likiwa limefunguka kiasi kilekile, nimekwenda na rula. Chumba cha baridi kiko nyuzi tatu, sawa na mwaka jana. Nilipofuta kila kilicho sawa, kilichobaki kwenye karatasi ni chumba cha maji, na katika chumba cha maji kuna mtu mmoja.

Na shamba la upande wa pili wa reli limekuwa likimwita Nohemí tangu Januari. Hilo wote tunalijua. Nilimwita.

"Maji unabadilisha lini?"

"Kila asubuhi. Kama siku zote."

"Ndoo unaosha?"

"Doña, una nini?"

"Nina maua kumi na matatu kati ya ishirini na tano. Na nina mtu anayetafutwa na shamba jingine."

Akaenda chumbani akarudi na ndoo iliyojaa, akaiinamia akanywa, akajifuta mdomo kwa mkono.

"Nimekunywa. Sasa kaa hapa unitazame kama nitalala."

Wasichana wa meza ya kuchambua walicheka. Kile kicheko ndicho kilichonitia wazimu. Nikasema nisichopaswa kusema: kwamba mtu hali chakula cha nyumba hii huku akimtengenezea jirani njia. Mbele ya watu kumi na mmoja, nimewahesabu baadaye.

Nohemí akavua aproni akaikunja mara nne, pembe kwa pembe, akaiweka mezani.

"Miaka tisa. Wewe unahesabu kila kitu, hesabu na hiyo." Akafika mlangoni akageuka. "Matunda yangu matano siyagusi. Yale si yako."

Akaenda kwenye mvua bila mwavuli.

Jumanne, 26 Aprili

Safari ya tano. Ndoo nimeosha mwenyewe jana jioni, zote 112, kwa dawa. Maji nimeyachemsha na kuyapoza. Nimeweka maua kwa mkono wangu, nikafunga mlango, ufunguo mfukoni. Kama tatizo lilikuwa mtu, leo limekwisha.

Matunda thelathini na manane. Chumba kinanukia vizuri. Otilia anasema ni baraka.

Alhamisi, 28 Aprili

Haskins. Safari hii hakunisalimu.

"Ijumaa usilete. Siwezi kumuuzia mtu ua la mama yake limefumba macho."

"Na Jumanne?"

"Jumanne nataka. Lakini kabla ya Jumatatu saa sita mchana nataka teleksi inayosema sababu ni nini. Si pole. Sababu. Bila hiyo nanunua kwa mwingine, na mwakani pia."

Nina siku nne. Maua ya katoni tisini yamesimama bandani, vichwa vimeanza kufunguka, mvua au jua haviningoji.

Ijumaa, 29 Aprili

Shada la Jumanne, nililolinywesha mimi, kwa maji yangu, kwa ndoo zangu, kwa ufunguo wangu: ishirini kati ya ishirini na tano.

Nimesoma namba hiyo mara nyingi. Nohemí hayupo na maua yanalala zaidi. Basi haikuwa Nohemí. Kama haikuwa Nohemí, niliyoyasema Jumatatu niliyasema kwa nani?

Sielewi. Naandika hivyo kwa sababu sijawahi kuandika hivyo.

Barabara leo imekatwa na maji, kwa hiyo nimempigia simu daktari Barragán, yule mtaalamu wa mimea wa mjini. Ni mtu wa kusema polepole, unatamani umsukume.

"Kuna gesi, doña Ascensión. Haionekani, na kwa kiasi kinachoumiza ua, pua yako haiwezi kuinusa. Mimea yenyewe inaitengeneza. Ndivyo mimea inavyoambizana kwamba wakati umefika."

"Wakati wa nini?"

"Inategemea nani anasikia. Ndizi ikiisikia, inaiva. Jani linadondoka. Karnesheni ikiisikia, inajua uzee umeingia, inafunga. Na ikianza kufunga, nayo inatoa gesi hiyohiyo, jirani yake anaipata. Ndoo moja inaambia ndoo ya pili."

"Ua halina pua wala masikio, daktari."

"Lina mlango mdogo mno ndani ya chembe zake, ambao gesi hiyo peke yake inaushika. Ikishashika, habari imefika. Huwezi kuliambia ua kwamba ulikuwa utani." Akakohoa. "Moshi unayo. Mabomba ya gari yanayo. Lakini zaidi matunda. Kuna matunda karibu na maua yako? Mapera, ndizi mbivu? Pasheni ndiyo mbaya kuliko zote."

"Daktari, mimi nalima maua. Hapa hakuna tunda."

Nilisema hivyo kwa moyo wangu wote.

"Basi fanya hivi. Tafuta miche mitatu ya nyanya kwenye vyungu. Mmoja weka bandani, mmoja chumba cha baridi, mmoja chumba cha maji. Nyanya inaisikia upesi. Palipo na gesi, majani yatainama yenyewe, hata kama udongo umelowa."

Miche nimeomba kwa Otilia. Akauliza kama sasa tunahamia saladi.

Jumamosi, 30 Aprili

Bandani: majani yamenyooka. Upande wa tanuri hasa, yamenyooka. Nina deni la maneno kwa don Plácido.

Chumba cha baridi: yamenyooka.

Chumba cha maji: yote yameinama chini kwenye vikonyo, kama mwavuli uliofungwa nusu. Nimetia kidole kwenye udongo, umelowa. Mche haukuwa na kiu. Ulikuwa umesikia kitu.

Nimesimama humo nikivuta pumzi kama mbwa. Hakuna kitu. Nikaandika vyote vilivyomo, kimoja kimoja: ndoo 112, bomba, meza mbili, mizani, ufagio, taa, maua, Msalaba. Nimetoa ufagio. Nimetoa mizani, labda mafuta yake. Nimetazama taa. Nimerudi nikasoma orodha tena. Maua yanajilaza yenyewe? Mbona miaka kumi na mitano hayakujilaza?

Jumapili, 1 Mei

Baada ya misa Otilia alikuja na pasheni ya manjano mkononi, kubwa, ngozi imeanza kukunjamana.

"Ya mjukuu wangu. Amezaliwa Alhamisi. Andika, usije kusema nyumba yangu imekosa."

Nikafungua ukurasa wa matunda nikaandika: arobaini na tisa. Safu ya matunda iko kushoto. Upande wa kulia, kwa sababu nabana karatasi, iko safu ya mashada.

Tarehe 12: Msalaba uko nje, yaliyolala hakuna.
Tarehe 15: matunda tisa, yaliyolala mawili.
Tarehe 19: kumi na matano, saba.
Tarehe 22: ishirini na manne, kumi na matatu.
Tarehe 26: thelathini na manane, ishirini.

Yalikuwa ubavu kwa ubavu, kwa mwandiko wangu, kalamu ileile. Sikuwahi kuyaona pamoja kwa sababu moja ni hesabu ya shamba na nyingine ni ya Mungu. Nilipoulizwa kuhusu matunda nilijibu hakuna, na sikusema uongo. Kwangu yale hayakuwa matunda. Yalikuwa Msalaba.

"Otilia," nikasema, "ita wanaume. Msalaba unatoka."

"Unatoka? Siku mbili kabla? Unafukuzwa?"

"Unarudi kwa watu."

"Na ndege?"

"Tutaweka wavu."

"Wavu! Wiki mbili na nusu zilizopita wavu haukuwepo duniani?"

Wanaume wakaubeba kwenye mvua, pasheni na mapera yakibembea, Otilia nyuma yake ameshika mwavuli juu ya Msalaba, si juu ya kichwa chake. Nikafungua mlango, nikaweka feni, nikatupa maua yote yaliyokuwamo, mashina elfu kumi na tano ya safari iliyokataliwa. Kisha mche mpya wa nyanya katikati ya chumba.

Jumatatu, 2 Mei

Mche umenyooka.

Teleksi imeondoka saa nne na nusu: SABABU IMEPATIKANA. MATUNDA YALIKUWA KARIBU NA MAUA. YAMEONDOLEWA. KATONI 90 ZIKO TAYARI. Sikusema ni matunda ya nini. Saa tano na dakika kumi Haskins akajibu neno moja: LETA.

Lakini hazikuwa tayari. Nusu ilikuwa bado bandani, na hakuna mtu hapa anayejua kunywesha mashina elfu arobaini na tano kwa siku moja bila kuvunja shingo za maua, isipokuwa mmoja. Nikaenda kwake kwa miguu, matope hadi kwenye vifundo.

Nohemí alikuwa anamenya viazi mlangoni. Hakusimama.

"Umekuja kunywa maji?"

"Nimekuja kukuambia haikuwa wewe. Ilikuwa matunda. Yanatoa gesi, maua yanaisikia yanalala."

"Matunda yapi?"

"Ya Msalaba."

Kisu kikasimama.

"Nani aliyeyaingiza mle ndani?"

"Mimi."

"Na nani aliyesema yasiingie?"

"Ulisema kwa sababu nyingine, Nohemí. Ulisema Msalaba hautakuwa na mwenzake."

"Nilisema yasiingie." Akamenya kiazi kizima kabla ya kuendelea. "Nitakuja. Ndoo zile nazijua, utayaua maua bure. Lakini ulinisema mbele ya watu kumi na mmoja. Kesho kwenye sala watakuwepo wote."

"Kumi na mmoja," nikasema. "Nawe uliwahesabu?"

"Nimefundishwa na nani?"

Akaingia kuchukua kitambaa cha kichwa.

Jumanne, 3 Mei. Siku ya Msalaba

Lori limetoka saa sita na robo, katoni tisini. Nohemí hakuketi tangu jana mchana, wala mimi.

Saa tisa tukakusanyika banda la kulia. Msalaba chini ya wavu wa kitalu, ndege mmoja mweusi juu ya paa anautazama kama mwenye kudai haki yake. Don Plácido nilimwalika. Alikuja, akakaa mbele, akakubali kikombe kwa kuchelewa makusudi.

Kabla ya sala nikasimama. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, sikuyasoma. Nikasema: Msalaba uliingia chumba cha maji kwa amri yangu. Maua yalilala kwa amri yangu. Don Plácido hakuwa na kosa. Nohemí hakuwa na kosa, na alinikataza, nami nikamwita msaliti. Nikasema tena jina lake lote, Nohemí Cuitiva, ili pasiwe na mtu wa kusema baadaye kwamba hakusikia.

Mwanamke mmoja wa meza ya kuchambua akauliza: "Kwa hiyo ile ndoo aliinywa bure?"

"Maji yalikuwa matamu," akasema Nohemí.

Nilivuta bakuli la mahindi kwangu kama kila mwaka. Nohemí akaweka mkono juu yake.

"Mwaka huu, doña, hesabu zako tumezipumzisha."

Watu walicheka, don Plácido kuliko wote. Nikaliachia. Miaka kumi na mitano nimetaja Jina hilo nikiangalia punje. Leo sikuwa na kitu mikononi, na sikujua niiweke wapi. Nilitaja tu, pamoja na wengine, na katikati sikujua kabisa tumefika wapi, mia nne au mia saba. Nohemí aliposema elfu nilimwamini.

Ijumaa, 6 Mei

Haskins hajapiga simu. Akinyamaza ndivyo anavyoshukuru.

Shada la Jumanne limetimiza siku tatu. Nilimwita Nohemí ahesabu yeye. Yaliyolala hakuna. Akahesabu tena bila kuambiwa. Hakuna.

Bado sielewi. Nimesoma safu zangu mara ngapi, na bado inanishinda: kitu kisicho na pua kilisikia siku ileile, na mimi mwenye pua na daftari nikachukua siku kumi na saba. Daktari anasema ni kawaida. Si kawaida kwangu.

Matunda ya Msalaba yamegawanywa. Mimi nimepewa ile pasheni ya mjukuu wa Otilia. Nilikuwa nimeshaishika, kisu mkononi, mezani, karibu na chupa ya maua. Nikainuka, nikatoka nje, nikaenda hadi kwenye mtaro, na nikaila huko nimesimama, mvuani.